Saa Sitini za Maji

Ijumaa, saa nne asubuhi, mwendesha mashtaka alimpigia simu Inspekta Verlene Tolliver na kumwambia, bila hata kumjulia hali, kwamba ikifika saa kumi jioni atamfungulia mashtaka nesi Senada Hrustić: wizi wa dawa ya hospitali, na kusababisha kifo cha mgonjwa. Kama Verlene ana la kuongeza, alilete kabla ya hapo. Kama hana, atie saini ripoti akapumzike, maana wiki tatu zinatosha. Verlene alijibu kwamba amesikia. Akaiweka simu chini, akaivuta ripoti, akashika kalamu, na mkono ukawa mzito.

Ripoti yenyewe haikuwa na kasoro. Aliiandika mwenyewe. Kristen Bruemmer, miaka thelathini na mmoja, mke wa fundi wa mapaa, alijifungua mtoto wa kike siku tatu kabla ya Krismasi. Mtoto mzima, mama mzima, kisha mama akaanza kuzama. Hapati usingizi, hali chakula, anamwangalia mtoto kama mzigo alioachiwa na msafiri. Mwezi Februari wakampeleka hospitali moja ya hapo St. Louis kulikokuwa na jaribio la dawa mpya: steroidi, aina ya homoni inayotengenezwa na mwili wenyewe wakati wa ujauzito, sasa inarudishwa kwa dripu, saa sitini mfululizo. Nusu ya wagonjwa hupewa dawa, nusu hupewa maji ya chumvi, na si daktari wala nesi anayejua nani kapata nini. Majina yamefungiwa mahali.

Kristen alitoka hospitali kama alivyoingia. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani walimtoa mtoni akiwa maiti, na mtaa mzima ukanyamaza kwa wiki nzima.

Majina yalipofunguliwa ndipo mambo yalipoharibika. Kristen alikuwa kwenye kundi la dawa. Lakini damu yake, iliyochukuliwa mara tano wakati dripu inaendelea na kuwekwa kwenye friji, ilipopimwa haikuwa na dawa hata chembe. Wanawake wengine wawili wa Februari hiyo, hali kadhalika: wameandikiwa dawa, damu haina kitu. Wote watatu walihudumiwa na Senada. Na kwenye kabati la Senada la kazini wakakuta vichupa kumi na kimoja vya dawa ile ile. Mkuu wa jaribio, Dokta Theodora Niemann, aliwaambia polisi kwamba inamuuma kulisema, ila mtu kamwaga dawa na kutia maji. Mwendesha mashtaka akaongeza kwamba dawa inayoleta usingizi haikosi mteja. Ndiyo ikawa kesi.

Verlene hakutia saini. Alirudia faili tangu mwanzo, safari hii akiacha maelezo ya watu na kusoma chati ya kitandani, ile ambayo manesi hujaza kila baada ya saa mbili na ambayo hakuna mpelelezi anayeisoma hadi mwisho kwa sababu inachosha kama orodha ya simu. Mwandiko wa Senada ulikuwa mdogo, ulionyooka. Saa ya sita: mgonjwa macho. Saa ya kumi na mbili: mgonjwa macho, hana usingizi. Saa ya ishirini: macho, analia, hataki kumpakata mtoto. Verlene alihesabu. Neno "macho" lilikuwa limeandikwa mara kumi na moja. Mara mbili Senada alikuwa amempigia daktari wa zamu kumwambia dawa haionekani kufanya kazi, na mara mbili amejibiwa kwamba huenda huyu kaangukia maji ya chumvi, waendelee tu.

Akaweka kidole kwenye mstari ule akakaa nao. Dawa hii, kwa maelezo ya Niemann mwenyewe, humlaza mtu hadi inabidi aamshwe ale. Mwizi aliyetia maji angeandika "amelala," mara kumi na moja, na kazi kwisha. Mwizi gani anaacha ushahidi wa wizi wake kila baada ya saa mbili, kisha anampigia daktari simu kumtangazia?

Akachukua koti.

*

Senada alikuwa amesimamishwa kazi, yuko kwa mama yake, kwenye nyumba ya matofali mekundu kule mtaa wa Bevo. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alionekana ana hamsini. Alimkaribisha jikoni, mama yake akaweka kahawa kwenye birika la shaba na kutoka bila kumtazama mgeni. Verlene hakumlaumu.

Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na vikopo vya mtindi, ishirini hivi, na kila kimoja kina mche mdogo wa pilipili. Mbele ya kila kikopo kimesimama kichupa cha kioo chenye kizibo cha mpira na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu. Verlene aliviangalia vile vichupa, akaona aibu. Kwenye orodha ya vielelezo, yeye mwenyewe alikuwa ameona mstari unaosema: vichupa kumi na kimoja, vinne vina mbegu zisizojulikana. Aliusoma na kuupita.

Alimuuliza Senada kwa nini hakusema.

"Hamkuniuliza vina nini," Senada alisema. "Mliniuliza nimevitoa wapi. Nikasema nimevitoa kwenye ndoo ya taka, mkaandika."

Mbegu, alieleza, ni za mama. Alitoka nazo Prijedor, mji wa kwao, mwaka ule wa vita, zimeshonewa kwenye pindo la koti. Mama hataki zikae kwenye karatasi, zinaota ukungu. Anataka kioo chenye kizibo kinachobana. Vichupa vya dawa vinabana vizuri. Vile vinne vya kabatini vilikuwa vya kuwagawia manesi wenzake. Ndiyo habari yote, na Senada aliitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa ya kuaminiwa.

Verlene alimuuliza kuhusu chati. Hapo Senada akaamka kidogo. Alisema kwamba wagonjwa wa mwanzo, wale wa Novemba na Desemba, walikuwa wanalala mpaka manesi wanataniana kwamba wodi imegeuka chumba cha maiti. Nusu yao, yaani. Wanaamka siku ya tatu wanaulizia mtoto, wanacheka, mmoja aliomba kitana. Januari ikaja, usingizi ukakoma. Hakuna aliyelala tena, hata mmoja. Manesi wakasema bahati nasibu imekuwa mbaya, kila mtu anaangukia chumvi.

"Nini kilibadilika Januari?"

Senada alifikiri. Dawa ni ile ile, pampu zile zile, mipira ya dripu ni ya katoni zile zile. Wao walikuwa wanafuata karatasi ya utaratibu, hatua kumi na tisa, imebandikwa ukutani. Anaijua kwa moyo, akaanza hata kuitaja, kwanza osha mikono, pili hakiki jina. Akakatisha.

"Ni yule mzee wa vyura tu," alisema. "Mwanzoni alikuwa anakuja na mipira mwenyewe, ameshaitayarisha huko chini kwake. Kisha akaumwa moyo, wakampasua. Basi tukawa tunaitayarisha sisi."

Kwenye faili la Verlene, lenye kurasa mia nne na kitu, hakukuwa na mzee wa vyura.

*

Alimkuta saa saba mchana, ghorofa ya chini kabisa ya jengo la utafiti, kwenye chumba chenye harufu ya maji ya bwawa na samaki wa kukaanga. Wendell Oberkramer, fundi wa maabara ya Dokta Niemann, alikuwa anakula kambare kwenye sahani ya karatasi, maana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mrefu, mwembamba, miaka sitini na saba, na kovu jipya linachungulia kwenye kola ya shati. Alimuuliza Verlene alisoma sekondari gani, kama waulizavyo watu wa St. Louis. Verlene akamtajia, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba sasa anamjua hadi bibi yake.

Kandokando ya ukuta kulikuwa na matangi, na ndani ya matangi vyura wakubwa wa rangi ya udongo, majike matupu. Kila mmoja ana jina la mtawa aliyemfundisha Wendell utotoni.

"Huyu Sista Adelheid," alisema. "Alinifundisha hesabu. Anataga vizuri kuliko alivyofundisha."

Verlene alicheka, kicheko cha kwanza wiki ile, halafu akamweleza kilichomleta. Wendell alifuta mikono. Alikuwa amerudi kazini Jumatatu iliyopita, nusu siku kwa amri ya daktari, na walichomwambia ni kwamba nesi mmoja wa juu kaiba dawa, na kwamba wanasheria hawataki watu waizungumzie. Alisikitika, maana nesi yule alikuwa mtu wa salamu. Zaidi ya hapo hajui kitu.

Verlene alitoa kwenye mkoba mfuko uliofungwa kwa lakiri. Ndani yake ulikuwamo mpira wa dripu, wa mwisho aliowekewa Kristen Bruemmer. Sheria ya jaribio ilitaka mpira wa mwisho wa kila mgonjwa uhifadhiwe hadi wakaguzi wapite, na kwa wiki tatu ulikuwa umelala kwenye friji ya vielelezo bila mtu kuugusa, kwa sababu mpira uliopitisha maji utakuwa na nini. Verlene alitaka kujua kitu kimoja tu. Je, kuna njia ya kutambua kilichopita humo, maji au dawa?

"Maabara ya jimbo itachukua mwezi," alisema. "Mimi nina saa tatu."

Wendell aliutazama mpira, akamtazama Sista Adelheid. "Yai litakwambia kwa dakika kumi."

Alieleza huku anafanya kazi, na Verlene akarekodi kwa simu tangu lakiri ilipokatwa. Alikata kipande cha urefu wa mkono tu, mpira uliobaki ukarudi mfukoni, lakiri mpya, saini ya wote wawili. Kipande kile Wendell alikijaza pombe kali ya maabara, akakitikisa, akaimimina kwenye kichupa cha kioo na kuiacha ikauke chini ya kipulizio.

Yai la chura, alisema, halina akili, ni kama punje ya mtama. Lakini yeye hulidunga maelekezo ya kijeni ya chembe ya ubongo wa binadamu, na baada ya siku tatu, kama hili alilolidunga Jumanne, yai linaota milango ya ubongo kwenye ngozi yake. Milango hii ndiyo breki zetu. Kuna kemikali kichwani inaitwa gaba. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye milango na kuuambia ubongo utulie. Mlango unafunguka kidogo, unajifunga. Steroidi hii haibishi hodi. Yenyewe inauegemea mlango ukiwa wazi, ukachelewa kufunga. Basi utulivu unaongezeka.

"Mwanamke mwenye mimba anaogelea ndani yake," aliendelea. "Kondo la nyuma linaimwaga miezi tisa. Akijifungua tu, kondo limetoka, bomba limefungwa. Siku mbili, imekwisha. Wengi milango yao inajirekebisha. Wengine inachelewa, ndio hao wasiolala, wanaolia, wanaoona giza mchana. Si uvivu wala si ukosefu wa upendo. Ni breki."

Sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyekwisha kuyasema hayo nyumbani kwake kwa mtu wake, na Verlene hakumuuliza ni nani.

Yai liliwekwa kwenye kisahani, sindano mbili za kioo zikachomekwa, na kwenye kompyuta ukatokea mstari ulionyooka. Wendell akadondosha gaba peke yake. Mstari ulishuka upana wa kidole, ukarudi. Hiyo, alisema, ni breki ya kawaida. Kisha akaweka gaba pamoja na mabaki yaliyooshwa kwenye mpira mpya, wa katoni ile ile, ambao haujatumika. Upana wa kidole, ukarudi. Mpira mpya ni mpira mtupu. Kama Senada alitia maji ya chumvi, wa Kristen utafanya vile vile, na saa kumi jioni atakwenda mahabusu, na mama yake atabaki na miche.

"Sasa wa kwake," alisema Wendell.

Mstari ulianguka. Ulipita upana wa kidole, ukapita wa kiganja, ukagonga chini ya kioo cha kompyuta na kubaki hukohuko, haurudi. Wendell akaosha yai, akarudia. Ukaanguka tena.

"Ilikuwa dawa," Verlene alisema. "Alimwekea dawa."

Uso wa Wendell ulikuwa umebadilika, umekuwa wa majivu. Alikuwa anautazama mstari kama mtu anayesoma jina analolijua kwenye orodha ya marehemu.

"Nani alishibisha mpira huu?" aliuliza.

Verlene hakuelewa.

"Mpira. Siku moja kabla. Nani aliushibisha?"

Ilichukua muda kumtoa maneno. Steroidi ni kitu cha mafuta, alisema mwishowe, na plastiki ni kitu cha mafuta, vikikutana havitaki kuachana. Ukipitisha dawa kwenye mpira mpya, mpira unainywa wenyewe, na upande wa pili yanatoka maji. Kila mtu wa kazi hii anajua. Ndiyo maana mpira mpya unajazwa dawa jana yake, unalala nayo hadi ushibe, unamimina, ndipo unaunganisha kwa mgonjwa au kwa yai. Yeye anafanya hivyo kila jioni kabla ya kuzima taa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Wanafunzi waliopita mikononi mwake wote wanafanya hivyo. Kule wodini mpira ulibadilishwa kila baada ya saa kumi na mbili, kwa kuogopa wadudu. Mipira mitano kwa mgonjwa mmoja, kila mmoja unaanza kunywa upya.

Verlene alitoa ile karatasi ya hatua kumi na tisa, nakala aliyopewa na Niemann siku ya kwanza. Akaitandaza mezani kando ya sahani ya kambare. Hatua ya sita: toa mpira kwenye pakiti. Hatua ya saba: unganisha mpira kwenye mfuko wa dawa.

"Nani aliandika hii, mzee?"

"Mimi," alisema Wendell. "Dokta alisaini, lakini niliandika mimi. Nilikaa hapa hapa nikaandika kila ninachokifanya." Alipitisha kidole juu ya ile sita na ile saba, akarudia, kama anapapasa mahali palipotoka jino. "Hiki sikuwahi kukiona kama kitu ninachokifanya. Unakaa mezani kuandika kazi yako, huandiki vuta pumzi."

Dokta Niemann alikuwa amesimama mlangoni. Pengine aliambiwa kuna polisi chini, pengine alishuka tu kwa mambo yake. Alikuwa na kikombe cha chai na miwani juu ya kichwa. Aliuona mstari kwenye kompyuta kabla hajamwona mtu. Hakuhitaji kuelezwa. Alimwambia Wendell, kwa upole, kwamba asiseme zaidi hadi mwanasheria afike.

Verlene alimgeukia. Alimuuliza kama yeye naye alijua kwamba mpira lazima ushibe.

"Kila mtu anajua," alisema Niemann.

"Nesi hakujua."

Niemann alisema kwamba damu ilipotoka haina dawa, jambo la kwanza kumjia lilikuwa wizi. Kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mpira usioshibishwa, kwa hiyo haukumjia. Kwamba alisaini kurasa zote na kurasa zote zilikuwa sahihi. Alisema hayo akiwa anatazama kikombe chake. Kisha akamwita Wendell kwa jina lake, mara moja.

Wendell hakumsikia. Alikuwa amechukua kalamu ya Verlene, na katikati ya ile sita na ile saba, kwa herufi za mtu aliyefundishwa na watawa, akawa anaandika: Jaza mpira dawa siku moja kabla. Uache ushibe. Mwaga. Alipofika mwisho alirudi juu akapigia mstari neno "kabla," na kalamu ikatoboa karatasi.

Verlene alimpokonya taratibu, maana kile sasa kilikuwa kielelezo. Akamwambia mzee akae, avute pumzi, na alipogundua alichokisema alitamani ardhi ipasuke. Alimpigia mwendesha mashtaka saa tisa na dakika kumi. Bwana yule alisikiliza, akakoroma, akauliza anatarajiwa kweli kwenda mbele ya jaji na yai la chura. Verlene alimwambia aende na chati, na yai, na mbegu za pilipili, na karatasi ya hatua kumi na tisa, na kama atapenda kumshtaki mtu aliyefuata kila neno alilopewa, basi afanye hivyo bila saini yake. Mwendesha mashtaka akasema ataahirisha hadi jimbo lipime, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba hataifungua kesi hiyo tena.

Simu ya pili ilikuwa kwa Senada. Hakushangilia. Aliuliza kama wale wanawake wawili wengine watapewa dawa ya kweli sasa, na Verlene akasema atahakikisha. Kisha Senada akauliza kama mumewe Kristen ameshajua.

*

Dale Bruemmer hakuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa na mtoto begani, akamwelekeza ukumbi wa parokia, kwa kuwa mwaka huu ilikuwa zamu ya Dale kukaanga samaki Ijumaa zote za Kwaresima, na alikataa katakata kuachia mtu. Verlene alimkuta nyuma ya ukumbi, mbele ya karai la mafuta, aproni imemfika magotini. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni. Alimpa jirani mwiko, akamfuata Verlene hadi kwenye mapipa ya taka, mahali pasipo na masikio.

Alimweleza yote, polepole. Kwamba hakuna aliyeiba. Kwamba dawa iliwekwa, kila saa, kama ilivyoandikwa, na ikabaki kwenye plastiki. Kwamba kilichomfikia mkewe kwa saa sitini kilikuwa maji. Kwamba Senada Hrustić aliandika mara kumi na moja kwamba mambo hayaendi, na kupiga simu mara mbili, na kwamba aliyesahau ni mzee mmoja ambaye sasa hivi amekaa chini ya jengo na vyura wake na hataki kwenda nyumbani.

Verlene alitegemea hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira tangu kwenye gari. Dale alikuwa amemchukia yule nesi kwa wiki tatu nzima, chuki iliyomwamsha asubuhi na kumvalisha viatu, na sasa imechukuliwa.

"Unayo ile karatasi niliyosaini?" aliuliza. "Maelezo yangu."

Anayo. Ilikuwa ndani ya faili, ukurasa wa kwanza. Mke wangu hakulalamika chochote akiwa hospitalini. Mwendesha mashtaka aliipenda sana sentensi ile.

"Nataka kuirekebisha."

Verlene alifungua daftari, akalilaza juu ya mfuniko wa pipa. Dale alifuta mikono kwenye aproni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Siku ya pili, mchana," alisema. "Manesi walikuwa wametoka. Akanishika mkono akaniambia, Dale, haya ni maji tu. Nayasikia yanaingia, ni maji. Waambie." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia watu wanahangaika kumsaidia, asianze kuwaudhi, awape muda. Akasema sawa. Hakusema tena kitu, mpaka tunatoka pale. Nilifikiri ameanza kupona."

Verlene aliandika neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi, na kwa sababu ndicho kitu pekee alichoombwa. Alipomaliza alimsomea. Dale alisikiliza kichwa kimeinama.

"Ongeza mstari mmoja," alisema. "Ongeza kwamba alikuwa sahihi."

Akauongeza. Dale akatia saini, kidole kikaacha alama ya mafuta pembeni ya jina. Kisha akarudi kwenye karai, akamwomba jirani mwiko wake, maana foleni ilikuwa imefika hadi barabarani na watu wana njaa.